Alama Zilizobanwa

Kipatimu,
30 Mei 2025

Mwalimu Mudathiri,

Shikamoo. Nimeianza barua kwa shikamoo kwa sababu mama alinilea hivyo, na hiyo ndiyo adabu ya mwisho utakayoiona humu ndani. Nimekupigia simu mara sita, hukupokea. Basi soma.

Nilipomaliza mtihani na kufika nyumbani nilikwenda parokiani kwa Katekista Fidelis, anifungulie barua pepe kwenye kompyuta yao, maana huku milimani simu yangu haishiki mtandao mpaka nipande makaburini. Nikakuta barua ya kile chuo cha Uskochi. Unakijua, maana ulikuwa ukiniita "Mskochi" mbele ya darasa zima. Barua ilikuwa imekaa humo tangu tarehe 12. Wanasema insha yangu kuhusu mito yetu inayozama kwenye mawe ya chokaa na kupotea iliwapendeza sana. Lakini hawawezi kunipa nafasi wala ufadhili, kwa kuwa alama ambazo shule inatarajia nitazipata kwenye mtihani wa taifa ziko chini mno ya kiwango chao. Wameziorodhesha kama zilivyotumwa: Fizikia E, Jiografia D, Hisabati E.

Nilidhani wamenichanganya na mtu. Fidelis akateremsha ukurasa mpaka chini, tukakuta jina lako: M. Y. Likwata, Mwalimu wa Taaluma.

Mwalimu, E ya Hisabati? Siku ulizoumwa malaria nani alikuwa akisimama ubaoni badala yako? Nilipokuletea jambo hili mwezi wa pili nilikueleza taratibu kabisa: chuo kinataka mwalimu akadirie mwanafunzi wake atapata nini. Akadirie, kwa jinsi anavyomjua. Ukaniambia, "Usihofu, binti, nitakuwekea sawa." Sasa huku ndiko kuwekewa sawa?

Nataka kujua jambo moja tu. Nilikukosea nini? Kama ni ile Jumamosi niliyokataa kwenda kuchota maji nyumbani kwako, sema ni hiyo, nijue kwamba nimeuzwa kwa ndoo mbili za maji.

Barua hii nampa Jonas, konda wa basi la alfajiri. Jibu mpe yeye.

Emerensiana Valentini Mbonde


SHULE YA SEKONDARI NAMAKONGORO
Ofisi ya Taaluma
Kumb. Na. NMK/TAA/2025/31
4 Juni 2025

Ndugu Emerensiana V. Mbonde,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ALAMA TARAJIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako ya tarehe 30 Mei imepokelewa. Ofisi imesikitishwa na lugha uliyotumia. Mambo ya ofisi hayazungumzwi kwenye simu, huandikwa, na ndiyo sababu simu zako hazikupokelewa.

Ofisi inapenda kukufahamisha kwamba fomu ya chuo ilijazwa kwa kufuata kumbukumbu halali za shule, yaani matokeo ya mtihani wa majaribio wa mwezi Februari. Matokeo hayo yalisainiwa na Mkuu wa Shule, yakagongwa muhuri, yakabandikwa ubaoni, na nakala akatumiwa mzazi wako. Ulipata Fizikia 49, Jiografia 57 na Hisabati 46. Hakuna alama iliyobadilishwa wakati wa kujaza fomu. Mwalimu hawezi kutia saini kwenye alama asizoziona katika kumbukumbu. Huo ungekuwa udanganyifu.

Suala la maji halihusiani.

Ofisi inakutakia subira njema unapongoja matokeo ya taifa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
M. Y. Likwata
Mwalimu wa Taaluma


Kipatimu,
7 Juni 2025

Mwalimu,

Shikamoo tena.

Udanganyifu! Umeliandika neno hilo kwa kalamu yako mwenyewe, ukaniletea mimi.

Tuache habari za Kumb. Na., tuzungumze kama watu waliokaa chumba kimoja cha darasa miaka miwili. Mtihani wa majaribio wa Namakongoro unabanwa. Nani asiyejua? Msichana wa kidato cha tano hulijua hilo wiki ya kwanza, hata wapishi wanalijua. Mnasahihisha, mnapata alama za kweli, halafu mnakaa mnazipunguza, ili mtu akiona E aogope, asilale, mtihani wa taifa ukija atoke na B. Nasi tulikuwa tukicheka na kujijumlishia wenyewe: ukipewa 46, jua una sitini na kitu. Mama Mkuu wetu wa shule alikuwa akitangaza mstarini asubuhi, "Tumewabana na bado hamjabanika!" Sikuwahi kulalamika. Niliona ni mambo ya nyumbani, kama mama anavyowaambia watoto mboga imekwisha na huku imo chunguni.

Lakini mama hamwambii mgeni hivyo. Wale wa Uskochi ni wageni, Mwalimu. Hawajui kubanwa ni nini. Wameona 46 ina saini, wakaamini ni 46. Nami nilikuwa na hakika kwamba kwao utaandika zile za kweli. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri. Sikukuuliza, kwa sababu haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kuusadiki uongo alioutunga mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri. Nimewaandikia, nao wamenijibu kwa upole kuliko ofisi yako. Watanifikiria upya iwapo shule itawatumia barua yenye alama sahihi, na maelezo kwa nini zile za kwanza zilikosewa, kabla Jumatatu tarehe 16 Juni haijaisha. Hawaitaki kwangu wala kwa baba, wanaitaka kwa shule. Zimebaki siku tisa. Hayo matokeo ya taifa unayonitakia subira njema yatatoka Julai, wakati ufadhili umeshagawanywa.

Sikuombi unipendelee. Nakuomba uandike alama nilizozipata kwenye karatasi ulizosahihisha wewe. Kama utasema alama hizo hazipo, basi uniambie mlikuwa mkipunguza kutoka kwenye nini.

Baba amesoma barua yako. Habari ya kubanwa alikuwa haijui, sikuwahi kumweleza. Ameomba kalamu na karatasi, na bahasha ni hii hii.

Emerensiana


Kipatimu,
7 Juni 2025

Mwalimu Likwata,

Salaam. Mimi ni baba yake Emerensiana. Mwandiko wangu uuvumilie, nimezoea jembe.

Mwezi wa tatu mliniletea karatasi ya matokeo ya mwanangu. Mimi sikusoma mbali, lakini najua E si jambo la kuchinjiwa kuku. Alipokuja likizo ya Pasaka nilimwambia mbele ya wadogo zake kwamba shule imemshinda, aache kuota habari za Ulaya. Wiki nzima akinisalimia naitikia nusu nusu. Mchana anapalilia ufuta, jioni anawasha taa anasoma. Namtazama nasema moyoni, huyu anajisumbua nini?

Jana ndipo nilipoambiwa kwamba karatasi ile ilikuwa ya kutisha watu.

Kumtisha mtoto, sawa, hata mimi huwatisha wangu. Lakini mimi ni mtu mzima, nanyi mliniletea muhuri wa shule. Mimi mlinitisha ili nifanye nini? Nilichofanya ni kumdhalilisha binti yangu, na siwezi kurudi Pasaka kumwomba radhi.

Huku tunauza ufuta, Mwalimu. Mizani iliyochezewa tunaijua. Mnunuzi akinipunja nakwenda chama cha msingi cha wakulima, napiga kelele, mizani inaletwa katikati inapimwa upya mbele ya watu wote. Mwanangu amepunjwa. Niambie, mimi kelele zangu nikazipigie wapi?

Sitaki ugomvi. Kama kipo kitabu cha alama za kweli, kifungue. Kama umekichoma, niambie na hilo.

Valentini Mbonde


Namakongoro,
12 Juni 2025

Emerensiana, pamoja na Mzee Valentini,

Barua hii nimeiandika mara mbili kwa Kumb. Na., nikazichana zote mbili.

Kitabu kipo. Ni kaunta buku, nakiweka nyumbani chini ya madaftari ya watoto wangu. Humo zimo alama za kila msichana kabla ya kubanwa, tangu nilipokabidhiwa taaluma. Februari ulipata Fizikia 74, Jiografia 82, Hisabati 71. Wenzako wote niliwapunguzia kumi na tano. Wewe nilikupunguzia ishirini na tano. Kumi na tano zilikuwa agizo la Mama Mkuu, hizo kumi za juu ni zangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba mtoto wa mbele ndiye anayevimba kichwa upesi.

Uliniuliza kama ni maji. Si maji. Sikuwa na kinyongo nawe, na ningekuwa nacho pengine ningekufikiria zaidi. Siku niliyojaza fomu ile nilifungua faili la shule, nikanakili kilichoandikwa, nikafunga. Tena nilijiona mtu mwaminifu sana. Zipo shule zinazowaongezea wanafunzi wao, mimi nikasema siongezi hata moja. Nilikuwa nimeshasahau kwamba nilikwisha kupunguza.

Jana nilikwenda kwa Mama Mkuu, Bi Agnes. Nilimwekea barua zenu mezani, na kitabu juu yake. Ya mzee aliisoma mara mbili.

"Mudathiri, unajua unachotaka tukiandike?" akaniuliza. "Kwamba kila karatasi iliyotoka hapa na muhuri ni ya uongo?"

"Ni ya uongo, mama."

"Ilikuwa kwa faida yao. Tazama ufaulu wetu."

"Huyu hakufaidika."

"Kwa ajili ya mmoja unataka kuivua nguo shule nzima? Subiri. Naenda Lindi, nitashauriana na mwenyekiti wa bodi."

Ameondoka na muhuri kwenye mkoba wake. Atarudi Jumamosi. Chuo hakiwezi kuipokea barua ya shule isiyo na muhuri, wataitupa. Nitaiandika kesho iwe tayari, akirudi agonge, niitume saa hiyo hiyo.

Mzee Valentini, shikamoo. Uliomba kitabu kifunguliwe, nimekifungua.

Mudathiri


Kipatimu,
27 Juni 2025

Mwalimu,

Shikamoo.

Chuo walinijibu jana. Barua yako iliwafikia Jumatano tarehe 18, bila muhuri. Na hawakuitupa. Wameisoma, wakaiamini, wakasema hawajawahi kupokea barua ya namna ile kutoka shule yoyote. Wanasema kwa alama zile ningepewa nafasi na ufadhili pamoja. Lakini tarehe 16 ilipopita, ufadhili ulikwenda kwa aliyefuata kwenye orodha. Nafasi ya kusoma ninayo, mwezi wa tisa, nikijilipia mwenyewe.

Baba aliposikia "nikijilipia" aliinuka akaenda kuwafunga mbuzi waliokwisha kufungwa. Alikaa huko mpaka mama alipomfuata.

Siku mbili, Mwalimu! Ningekosa kwa mwezi mzima ningelala usingizi. Siku mbili zinanikaba. Nikiamka naziona, nikipepeta ufuta naziona. Kama barua isiyo na muhuri ilitosha tarehe 18, kwa nini haikutosha tarehe 13 ulipoiandika? Mama Mkuu alirudi lini? Alikuzuia? Alikutishia? Wiki hii nimemchukia mama yule kwa moyo wangu wote, na nataka kujua kama nimemchukia kwa haki.

Emerensiana


Namakongoro,
14 Julai 2025

Emerensiana,

Hongera. Fizikia B, Jiografia A, Hisabati A. Divisheni wani ya pointi nne. Nililia ofisini mpaka Mwalimu Flora akadhani nimefiwa.

Sasa nikujibu ulichouliza. Nimekaa na swali lako zaidi ya wiki mbili, nalo si swali gumu.

Mama Mkuu alirudi Jumamosi tarehe 14. Akasema bodi imekataa, muhuri haugongwi, mazungumzo yameisha. Hakunitishia. Hakuwa na haja. Barua yako ya kwenda chuoni ilikuwa kwenye begi langu tangu Ijumaa. Jumatatu niliichukua nikaenda nayo Kilwa Masoko mpaka kwenye duka la intaneti, nikakaa kwenye benchi la nje, watu wanaingia wanatoka, mimi nimekaa. Nikarudi nyumbani nayo. Nilimwambia mke wangu mtandao ulikuwa haupo. Jumanne vivyo hivyo. Nina miaka kumi na saba kazini, na nilikuwa nikiihesabu mmoja mmoja pale kwenye benchi. Jumatano ndipo nilipoingia.

Kwa hiyo mchukie Mama Mkuu kwa mengine ukitaka, lakini siku zile mbili si zake. Ni zangu. Ningeweza kumwachia yeye na usingejua kamwe.

Bodi wamepata habari. Nimeitwa nijieleze tarehe 25 kwa kosa la kutoa taarifa za shule nje bila idhini. Kwa kubana alama sikuitwa, wala hakuna aliyeitwa. Wakiniona na hatia watapendekeza kwa mwajiri niondolewe kazini.

Nimeruhusiwa kupeleka barua ya mtu anayenifahamu. Namjua ninayemwomba, na najua nilichomfanyia. Ungeandika tu kwamba nilikufundisha vizuri, na kwamba nilipogundua kosa nililisahihisha. Hayo mawili yangenitosha. Ukikataa sitakuuliza sababu.

Mudathiri


Kipatimu,
19 Julai 2025

Mwenyekiti,
Bodi ya Shule,
Shule ya Sekondari Namakongoro.

YAH: MWALIMU MUDATHIRI YASSIN LIKWATA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Emerensiana Valentini Mbonde, niliyemaliza kidato cha sita shuleni kwenu mwaka huu. Mwalimu Likwata ameniomba niwaandikie mambo mawili mazuri aliyonifanyia. Nimeamua kuyaandika yote, mazuri na mabaya, kwa sababu najua kwa mwili wangu karatasi ya shule iliyopunguzwa humfanya nini mtu. Nakala nimempelekea yeye, asije akashtukizwa.

Alinifundisha Hisabati kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kukaa mbele yake. Alirudia hesabu moja mara tano bila kumwita mtu mjinga. A niliyoipata, nusu ni yake.

Alinipunguzia alama ishirini na tano, kumi zaidi ya zile mlizozoea kupunguza. Alama hizo za uongo alizituma kwa watu wasiozijua desturi zenu. Nilipolalamika alinijibu kama asiyenijua, akanifundisha maana ya udanganyifu. Barua ambayo ingeniokoa alitembea nayo kwenye begi mpaka siku ikapita, kwa kuwaogopa ninyi. Nimenyimwa ufadhili, na mwezi wa kumi nitasoma hapa nchini kile ambacho hapa hakifundishwi kwa kina ninachokitaka. Baba yangu amemsamehe. Mimi sijamsamehe, na sioni haya kuliandika hilo mbele yenu.

Kisha aliandika ukweli, akatia saini yake peke yake, muhuri mkiwa mmeuficha. Na nilipomuuliza habari za siku zilizopotea, alinijibu ni za kwake. Nilikuwa nimeshamtwika Mama Mkuu lawama hiyo. Angenyamaza tu angebaki msafi machoni pangu, lakini hakunyamaza.

Sasa nimesoma habari za wito mliompa. Miaka yote aliyokaa akipunguza alama za watoto wa watu, hamkumwita hata siku moja. Aliyetoa agizo la kupunguza hamjamwita mpaka leo, na ninyi wenyewe mlikaa Lindi mkakataa kurekebisha, hakuna aliyewaita. Wazazi sitini na moja wa darasa letu waliletewa karatasi za kutisha, wakawadhalilisha watoto wao nyumbani, nanyi mmenyamaza. Mwalimu amekuja kuandika alama kama zilivyo mara moja tu katika utumishi wake, na hiyo mara moja ndiyo mliyoiita kosa.

Kama mnataka kumfukuza, mfukuzeni kwa alichonifanyia mimi. Hilo nitakuja kulishuhudia kwa mdomo wangu, hata kama ni kwa kutembea kwa miguu mpaka barabarani. Lakini mkimfukuza kwa barua ya tarehe 18, mniandikie mnieleze hesabu mliyoifanya. Nimejaribu kuifanya mwenyewe siku nne mfululizo, na mimi ndiye niliyepata A, nimeshindwa kuona inatokaje.

Emerensiana Valentini Mbonde